Kigunzi Mdomoni mwa Gobore

Kitendawili! Anakula kwa mdomo, anatapika kwa mdomo, na anayemlisha humpiga teke kwa makalio.

Wewe uliyekaa karibu na jiko, jibu. Punda? Punda gani huyo anayetapika? Na wewe, mbona unacheka tu? Mmeshindwa wote? Basi nipeni mji. Mnanipa Mikindani? Haya, nimekwenda Mikindani, nimekula pweza wa nazi, nimevaa kanga mpya, nimelala chumba chenye upepo, nimerudi. Jibu ni gobore, bunduki ile ya kushindilia. Unalitia baruti mdomoni, unalitia makumbi ya nazi, unalitia vyuma, halafu ukilifyatua linakugonga bega kwa kitako, wewe mwenyewe uliyelilisha. Na ndilo lililotaka kumtoa Carlota nyumbani kwake.

Carlota alikuwa mke wa Jasinto, pale Kitaya, upande wetu wa mto Ruvuma, miaka ile vita vya ng'ambo vilipokuwa vimepamba moto. Mizinga ya Wareno ikilia kule, huku vyombo vinatetemeka kwenye uchanja. Alivuka mto akiwa msichana, akafikia kwa mjomba wake Constantino, na hapo Kitaya akaolewa. Mihogo iliyoizunguka ile nyumba aliipanda yeye. Mikorosho aliipanda yeye, na mwaka huo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuzaa. Kijiji chao cha ng'ambo kilikuwa kimeungua chote. Kwa hiyo shikeni neno hili mapema: mwanamke huyu akitolewa pale, hakuwa na kwao pa kurudi.

Mumewe alikuwa mkulima, ila msimu wa korosho alikwenda bandarini Mtwara kupakia magunia. Mtu wa maneno machache na wivu mwingi. Alikuwa na gobore, na kibali chake kutoka wilayani, kwa sababu ya nguruwe. Nguruwe mwitu hawabishi hodi. Wakiingia kwenye mihogo asubuhi, ukianza kushindilia bunduki wakati huo, utamaliza na wao wameshamaliza. Ndiyo maana wenye magobore wote upande ule walikuwa wakiziweka bunduki zao ukutani zimeshashindiliwa, imebaki kutia fataki tu, kile kiwashio cha baruti. Na ili mtu asije akakosea, kila mmoja alikuwa na alama yake. Ya Jasinto ilikuwa kigunzi cha hindi. Akishashindilia, huziba mdomo wa gobore kwa kigunzi hicho, na kigunzi kilifungwa uzi mwekundu ambao Carlota aliuchomoa kwenye pindo la kanga yake. Kigunzi kipo, gobore limejaa, usiguse. Kigunzi hakipo, gobore ni tupu. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kukitoa isipokuwa anayekwenda kupiga. Jasinto alikiamini kigunzi kile kuliko macho yake.

Sasa, Jumamosi moja, siku aliyokuwa akingoja lori la kumpeleka bandarini, wakaja wageni wawili na bunduki zao. Mmoja alikuwa Shabani, balozi wa nyumba kumi, mwenye shotigani inayovunjwa katikati. Wa pili Abdallah wa Mpapura, aliyekuja kumwona dada yake, na begani kaning'iniza bunduki ya Mjerumani aliyoachiwa na marehemu babake. Wakakaa barazani. Carlota alikuwa nyuma ya nyumba anamenya mihogo. Hakuwaona, lakini ukuta wa udongo haukumnyima hata neno.

"Bunduki ni hii," alisema Shabani. "Unaivunja, unatia, unafunga, paa! Hata jasho hutoki."

"Na hizo risasi unanunua kwa nini? Kwa dua?" Abdallah akamuuliza.

"Usiniguse hapo! Mwaka jana risasi moja ilikuwa bei ya ratili ya sukari. Juzi mwenye duka pale Mtwara ananiambia ratili mbili. Siku hizi nikimwona nguruwe nasimama kwanza, namuuliza, wewe bwana, unastahili chai ya watoto wangu?"

"Na nguruwe mwenyewe humli!"

"Simli, namchukia. Chuki yangu ndiyo ghali."

Wakacheka. Abdallah akasema shotigani ni bunduki ya watoto, bunduki hasa ni ile ya kwake. Babake alipoifyatua mara ya kwanza alikunywa uji siku kadhaa kwa sababu taya lilikataa kutafuna.

"Babako," alisema Shabani. "Wewe je, umeifyatua lini?"

Abdallah akakohoa.

"Naiheshimu."

"Huna risasi, sema!"

"Ninazo. Zimebaki chache, na haziuzwi tena popote. Kwa hiyo bei yake haijulikani, hata mimi mwenyewe siijui."

"Mtu anabeba chuma kizito toka Mpapura mpaka hapa kwa heshima tu!"

Jasinto ndipo akaingia kati, gobore lake mapajani. "Hangaikeni ninyi. Langu linakula chochote. Misumari, pete ya ndoo, vipande vya sufuria ya mke wangu."

"Ndiyo maana sufuria yangu haina mkono!" Carlota akapaza sauti kutoka nyuma.

"Haa! Shemeji anatusikia!"

"Na teke lake, Jasinto?"

"Teke gani? Linanisukuma tu, kama mtu anayekuamsha taratibu. Bega langu hili hapa, tazama, kama la bwana harusi. Nionyesheni yenu."

Wakafunguliana mashati kama watoto wanaokwenda kuoga, huyu anaonyesha alama, huyu anaonyesha kovu. Abdallah akataka kujua Jasinto anatumia baruti gani laini namna hiyo, akaomba ainuse. Jasinto akamwambia nusa, lakini usipulize, limeshiba hilo. Kisha Carlota akasikia chupa ikigonga sakafu, na sauti ile aliijua. Ilikuwa nipa, pombe kali ya mabibo, ambayo serikali imeipiga marufuku na ambayo mumewe aliificha nyuma ya mlango.

"Hicho nini, Jasinto?" aliuliza balozi.

"Dawa ya kifua."

"Kifua chako kinauma kila Jumamosi. Iondoe, harufu yake inanitia dhambini. Nakwambia kwa kheri, rafiki yangu: siku nikikukuta na dawa hiyo mkono huu na bunduki mkono huu, kibali chako nakipeleka wilayani mwenyewe. Utafukuza nguruwe kwa kupiga makofi."

Wakacheka tena, lakini kicheko cha Shabani kilikuwa kifupi. Lori likapiga honi barabarani. Jasinto akaingia ndani mbio, akaning'iniza gobore, akazoa mfuko wake, akatoka hata kwaheri hakusema vizuri.

Alikaa bandarini wiki mbili. Katika wiki hizo, mchana mmoja jua la utosi, mwanamume akatokea kwenye mikorosho. Carlota alitaka kupiga kelele, kisha akaona namna anavyotembea, bega moja chini. Alikuwa Alberto, mwana wa mama yake mdogo Sabina, walilala mkeka mmoja utotoni. Alikuwa amevuka mto na nguo moja, hana karatasi yoyote. Akamwambia mama yake Carlota yu hai, yuko porini na wenzake, anakula mizizi lakini anatembea. Carlota akampa mihogo na maji, akalia bila sauti.

"Dada, usiseme nimepita," Alberto alimsihi. "Wanaovuka bila karatasi wanawekwa chini siku nzima wanaulizwa, wengine wanadhaniwa wametumwa na Mreno. Niache nifike kwenye kambi ya wakimbizi, nitajisemea mwenyewe."

Carlota akamwapia. Alberto akaondoka, na jirani Francisca, aliyekuwa anaanika mpunga upande wa pili, akauona mgongo wake.

Jasinto aliporudi, kesho yake asubuhi umande haujakauka, nguruwe wakaingia shambani. Akaruka kitandani, akanyoosha mkono ukutani, akasimama. Mdomo wa gobore ulikuwa wazi. Akainama chini, akatazama juu ya kabati, akatazama tena mdomo wa gobore kama mtu anayetazama jino lililong'oka.

"Carlota! Nani katoa kigunzi?"

"Kigunzi gani? Sijakigusa."

"Nililiacha limejaa. Nani kapiga bunduki yangu?"

"Hakuna aliyeipiga, Jasinto. Ningesikia."

"Nani alikuja hapa nilipokuwa bandarini?"

Hapo, wajukuu zangu, ndipo aliposhikilia kiapo chake mahali pabaya. "Hakuna mtu," alisema, na macho yake yakaenda chini.

Jasinto akayaona yale macho. Lakini nguruwe wanavunja mihogo, ta-ta-ta, hapakuwa na nafasi ya ugomvi. Akamimina baruti, akatia makumbi, akatia vyuma, akashindilia kwa mdeki, ile fimbo ya chuma ya kushindilia. Carlota alikuwa amesimama mlangoni anamtazama. Aliuona mdeki umesimama nje ya mdomo wa gobore kwa urefu asioujua, kama shingo ya korongo. Alitaka kusema. Uso wa mumewe ukamfunga mdomo.

Jasinto akakimbia nje. Mlio uliotokea haukuwa wa gobore lile. Ulikuwa kama mzinga wa ng'ambo. Carlota alimkuta amelala chali katikati ya mihogo, mfupa wa mtulinga umevunjika, taya limevimba upande, na gobore liko hatua kadhaa nyuma yake. Nguruwe hawakuacha hata unyoya.

Majirani wakamfunga mkono kwa kanga, wakamlaza. Na tangu saa hiyo nyumba ile ikabadilika.

Wasasi wa upande ule walikuwa na imani yao, na wengi wanayo hata leo. Mwanamume akiishika bunduki, walisema, mke wake huishika pamoja naye nyumbani. Akiwa mtulivu, bunduki nayo hutulia. Bunduki iliyozoea kumsukuma mtu taratibu ikimvunja ghafla, basi ndani ya nyumba yake kuna mwanamume wa pili. Hakuna aliyelisema neno hilo mbele ya Carlota. Walilisema kisimani, akifika wananyamaza na kuanza kusifu ndoo yake.

Alipompelekea mumewe uji, Jasinto alikitazama kibakuli, kisha akamtazama yeye.

"Onja wewe kwanza."

Carlota alidhani hakusikia vizuri.

"Nimesema onja."

Akaonja. Mkono ulimtetemeka, na Jasinto akautazama ule mkono unavyotetemeka, akaurudisha uji. Aliletewa chakula na Francisca siku hiyo na siku zilizofuata.

Shabani naye akaja, safari hii si rafiki bali balozi. Akazunguka nyumba anatazama chini, akainama penye nyayo za zamani, akampima Carlota kwa jicho. "Shemeji, nakuuliza kwa wema. Mtu akipiga bunduki hapa mpakani bila sisi kujua, hilo si jambo la mke na mume tena. Nani katoa kile kigunzi?"

"Sijui, balozi."

"Francisca kaona mwanamume kwenye mikorosho yako."

Carlota akashika ufagio, akaanza kufagia.

"Jumapili mkitoka kanisani tutakutana kwa mjomba wako Constantino. Ukiwa na la kusema, lilete. Usipokuwa nalo, Jasinto anasema hakutaki tena, na mimi siwezi kumwacha hapa mtu asiyejulikana anakaribisha nani. Nitakupeleka wilayani. Huko wataamua kama unabaki au unarudi ulikotoka."

Ulikotoka! Carlota alitazama ng'ambo. Moshi ulikuwa umesimama juu ya miti.

Siku ya Ijumaa alikuwa anatwanga, na mchi ulipozama kwenye kinu ukampa wazo. Nafaka ikiwa nusu kinu, mchi unazama. Kinu kikijaa, mchi unabaki juu. Akaacha kutwanga. Akakumbuka mdeki, shingo ya korongo. Haukuzama kwa sababu ndani mlikuwa mna kitu. Gobore lilikuwa limejaa hata kabla Jasinto hajaanza kulishindilia! Alilijaza mara ya pili juu ya ile ya kwanza, ndiyo maana likamvunja. Basi hakuna aliyelipiga. Kama angekuwapo mwanamume aliyelipiga, Jasinto angelikuta tupu kweli, na lingemsukuma taratibu kama siku zote.

Akafurahi kidogo, kisha furaha ikamtoka. Sawa, hakuna aliyepiga. Lakini kigunzi je? Hakina miguu.

Mchana huo Jasinto alipopitiwa na usingizi, akaenda kuchukua mashati ya bandarini ayafue. Mfuko ulikuwa bado unaning'inia nyuma ya mlango tangu siku aliyorudi. Akatia mkono, akagusa chupa. Akaivuta. Ilikuwa chupa ya nipa, na mdomoni mwake, kimekaa vizuri kama kilizaliwa hapo, kigunzi cha hindi chenye uzi mwekundu.

Carlota aliketi sakafuni.

Akakumbuka Jumamosi ile nyuma ya ukuta. Nusa lakini usipulize. Iondoe, inanitia dhambini. Lori linapiga honi. Jasinto alikuwa amekitoa kigunzi ili Abdallah anuse baruti, kikabaki mkononi, na balozi alipomkaripia, akaziba chupa kwa kitu cha kwanza alichokuwa nacho, akaitupa mfukoni akakimbilia lori. Haikuwa hila ya mtu yeyote. Ilikuwa haraka tu.

Alikuwa karibu kumwamsha. Alikuwa ameshafungua mdomo. Ndipo akaiinua chupa kwenye mwanga wa mlango. Juzi alipousogeza mfuko ule kufagia, aliusikia mzito, chupa imejaa ndani yake. Sasa ilikuwa nusu. Akasogea kitandani, akainama juu ya mumewe. Pumzi yake ilinuka mabibo.

Kwa hiyo alikuwa anakunywa kutuliza maumivu ya bega. Na mtu hawezi kunywa kwenye chupa bila kuizibua, na hawezi kuizibua bila kukishika kigunzi, na hawezi kukishika bila kuuona uzi. Jasinto alijua. Alijua, na akala chakula cha Francisca, na akamwacha Shabani apime nyayo, na sasa alikuwa anaingoja tu Jumapili, mkewe apelekwe.

Sasa shaka ikahama upande. Carlota alimtazama mtu aliyelala naye miaka yote hiyo kama anayemtazama mgeni. Kwa nini ananyamaza? Kwa ajili ya kibali? Akisema kigunzi kilikuwa kwenye nipa, balozi atamnyang'anya gobore. Au ananyamaza kwa sababu amenishika na uongo wangu, anasema moyoni, huyu naye ana lake? Au amepata mwingine, anatafuta njia? Aliyapanga mawazo hayo moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa na meno.

Akakirudisha kigunzi kwenye chupa, chupa akaifunga kwenye kanga yake kuukuu. Jasinto alipoamka jioni akaamkia mfukoni, akatafuta, akageuka. Macho yao yakakutana. Hakuuliza chupa iko wapi, na Carlota hakumwambia. Siku nzima ya Jumamosi wakapishana ndani ya nyumba ile kama paka wawili, kila mmoja anamngoja mwenzake aseme.

Jumapili wakakutana kwa Constantino, kwenye baraza la nyumba yake. Mzee wa watu alikuwa amevaa shati la kanisani, na mikono yake haikutulia magotini. Aibu ya mpwa ni ya mjomba, ndivyo mila yao ilivyo. Shabani alikaa kwenye kiti. Abdallah alikuwapo, bunduki yake ya heshima kwenye mapaja. Francisca alikaa ukingoni, tayari kusema. Jasinto alikaa peke yake, mkono umefungwa kifuani. Carlota akakaa kwenye mkeka, na kwapani kabana furushi la kanga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama," alijibu Constantino, sauti imekauka.

Francisca akasema alichokiona: mgongo wa mwanamume, jua la utosi, anatoka kwa Carlota anapita mikoroshoni, anatembea bega moja chini.

Shabani akamgeukia Carlota. "Ni kweli au ni uongo?"

"Kweli."

Watu wakashusha pumzi. Jasinto akafumba macho.

"Ni Alberto. Alivuka, akanywa maji, akaenda kambini. Nilimwapia nisimseme."

Constantino akainuka nusu. "Alberto wa Sabina? Mwana wa dada yangu?"

"Ndiye, mjomba. Na mama yangu yu hai."

Mzee akakaa tena, akajifunika uso kwa viganja. Francisca mwenyewe akatazama pembeni. Kwao mtoto wa mama mdogo ni ndugu wa tumbo moja, hapana kuoana wala kutaniana.

"Kwa nini ulimficha?" aliuliza Shabani, sasa kwa upole.

"Kwa sababu yako, balozi."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia kwa kikohozi. Shabani akajikuna kidevu. "Haya. Nitauliza kambini kama yupo. Lakini bunduki bado. Huyo Alberto aliipiga?"

"Kama aliipiga, ilibaki tupu," alisema Carlota. "Jasinto akaitia shindo moja, baruti na vyuma vya mara moja. Nyie wenye bunduki mnijibu. Gobore lililokuwa tupu, likitiwa shindo moja, linavunja mfupa?"

Abdallah akaikumbatia bunduki yake, akafikiri. "Halivunji. La Jasinto hasa, halivunji."

"Nilimwona akishindilia. Mdeki ulibaki nje hivi." Akapima kwa mkono wake, toka kwenye vidole mpaka karibu na kiwiko.

"Lahaula!" Abdallah akasema. "Shindo mbili! Jasinto, una bahati uko na kichwa."

Shabani akatikisa kichwa polepole, hesabu inamwingia. "Basi halikupigwa. Lilikuwa limejaa vilevile tangu Jumamosi ile. Isipokuwa kigunzi." Akageuka huku na huku. "Aliyekitoa ndiye aliyetaka kumwua mtu. Maana alijua Jasinto atalishindilia mara ya pili. Na ndani ya nyumba alikuwamo mmoja tu."

Ikawa mbaya kuliko mwanzo. Mwanzo alikuwa mzinzi, sasa amekuwa mwuaji. Watu wakamtazama Carlota, na furushi lile la kanga likawa zito kwapani kama jiwe la kusagia. Angeweza kulifungua. Fundo moja tu, na kigunzi kingeonekana na uzi wake, na Shabani angenusa, na habari ingekwisha. Watu wangemsafisha. Lakini angerudi nyumbani na nani? Na mtu aliyengoja mpaka afumaniwe na chupa?

Akamtazama mumewe. Uso wa Jasinto ulikuwa wa kijivu, taya limevimba, na macho yake yalikuwa kwenye lile furushi. Alikwisha kuitambua shingo ya chupa chini ya kanga.

"Mjomba," alisema Carlota, "niruhusu nitege kitendawili."

"Hapa si mahali pa michezo!" Shabani akafoka.

"Mwache atege," alisema Constantino. "Tega, mama."

"Mlinzi wangu nilimvika mkufu mwekundu, nikamsimamisha mlangoni. Kaacha lindo, kapanda lori, kaenda mjini kulinda dawa ya kifua." Akaliweka furushi chini kwenye mkeka, baina yake na Jasinto, bila kulifungua. "Mlinzi namjua. Nauliza aliyemwondoa mlangoni. Nani katoa kigunzi?"

Shabani akajiinua kidogo kwenye kiti. Neno la dawa ya kifua lilikuwa limemgonga mahali. Akamtazama Jasinto, kisha akatazama furushi, kisha akatazama juu ya paa, kama mtu anayejitahidi kutoelewa mpaka alazimishwe. Abdallah alikuwa anakumbuka, ungeona anavyokunja pua, kama anayenusa tena baruti ya siku ile. Hilo halikuwa lao kulijibu.

Ng'ambo mzinga ukalia mara moja, na vikombe vya Constantino vikagongana uchanjani. Carlota hakugeuka. Aliuweka mkono wake juu ya fundo la kanga, akautuliza hapo, akangoja. Alingoja kama mtu aliyekwisha kuamua: nitamhesabia pumzi zake, na akinyamaza nitafungua, na nikifungua sitarudi kwake hata wakinisafisha kwa maji saba.

Jasinto alimeza mate, na kumeza kukamuuma tayani. Akautazama ule mkono juu ya fundo. Safari hii haukutetemeka. Akamtazama balozi, akaiona safari ya kwenda wilayani na kurudi mikono mitupu, akawaona nguruwe katikati ya mihogo na yeye anawapigia makofi. Akainuka. Kwa mkono wake mzima akashika nguzo ya baraza.

"Mimi," alisema. "Nilikitoa mimi."